Siku sita za kusubiri majibu: kisa cha homa ya nguruwe katika kata moja ya Nyanda za Juu Kusini

Kisa hiki kilitokea katika kata niliyoihudumia kama afisa mifugo. Majina ya watu si yao, vijiji nimevipa majina ya kubuni, na wilaya, mwaka na maabara sitavitaja. Nimekiandika kwa ajili ya maafisa mifugo wenzangu, watendaji wa vijiji, na mfugaji yeyote aliyewahi kushika simu akajiuliza: nikipiga, nitasaidiwa au nitajiponza?

## Kata na nguruwe wake

Vijiji ni vinne. Vitatu vimeshikana kando ya barabara kuu ya malori. Nitaviita Barabarani, Sokoni na Shuleni. Cha nne, Ng'ambo, kiko upande wa pili wa mto, na ukitaka kufika huko kwa pikipiki masika inabidi uombe Mungu kwanza.

Nguruwe huku ndiye benki ya nyumba. Ada ya mtoto, bati za paa, mbolea ya kukuzia, vyote vinatoka bandani. Wafugaji wengi wana jike mmoja au wawili, na wachache wanafika kumi na tano. Chakula ni pumba za mahindi, majani ya viazi vitamu, mashudu ya alizeti kwa mwenye uwezo, na makombo. Kila asubuhi utaona watoto na ndoo wakienda kwenye vibanda vya kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, vilivyopangana barabarani. Wanarudi na ugali uliolala, maganda ya ndizi, mifupa na vipande vya ngozi. Baada ya mavuno, nguruwe wengi hufunguliwa wakajitafutie mabaki mashambani, kwani pumba imepanda bei na shamba halina kitu cha kuharibu.

Jambo moja naomba msomaji aliweke akilini: dume. Kata nzima ilikuwa na madume wachache mno, kwa kuwa kulisha dume ni gharama. Jike akipata joto, dume hufungwa kamba mguuni, akatembezwa hadi kwa mwenye jike, akalala huko siku mbili au tatu, kisha akapelekwa nyumba nyingine. Malipo ni kitoto kimoja jike akizaa. Ni utaratibu mzuri wa watu wasio na mtaji, na ndio uliotubebea ugonjwa.

## Sheria inataka nini

Homa ya nguruwe ya Afrika ni kati ya magonjwa ambayo mfugaji hana hiari ya kuyanyamazia, kama vile kimeta, kichaa cha mbwa, homa ya mapafu ya ng'ombe, na sotoka ya mbuzi na kondoo. Kwa Tanzania Bara msingi wake ni Sheria ya Magonjwa ya Mifugo Na. 17 ya mwaka 2003. Mwenye mnyama, au anayemtunza, akijua au akishuku ugonjwa wa aina hii anapaswa kutoa taarifa na kumtenga mnyama. Mkaguzi ana uwezo wa kuingia, kuchukua sampuli na kuzuia wanyama wasisogezwe. Eneo linaweza kutangazwa kuwa na ugonjwa, na hapo huwezi kupitisha mnyama wala nyama yake bila kibali. Taarifa hupanda kutoka kata hadi wilaya, hadi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo wizarani, na kutoka huko hadi Shirika la Afya ya Wanyama Duniani kule Paris. Shirika hilo liliundwa mwaka 1924, baada ya sotoka ya ng'ombe kuzuka Ubelgiji mwaka 1920 kupitia bandari ya Antwerp, ikiletwa na ng'ombe waliokuwa wakitoka India kwenda Brazil. Tangu mwanzo, basi, lilijengwa juu ya wazo moja: ugonjwa wa mifugo usafiri polepole kuliko habari zake.

Neno lililotugharimu katika kisa hiki ni dogo: *akishuku*. Nitalirudia.

Kwa wasioujua ugonjwa wenyewe: ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921 na Montgomery, daktari wa mifugo aliyekuwa akifanya kazi Kenya, aliyeona nguruwe wa walowezi wakifa wakati ngiri wa porini walikuwa hawaonyeshi dalili. Ngiri na kupe laini wanaoishi kwenye mashimo yao wamezoeana na kirusi hiki. Nguruwe wa kufugwa hawana kinga hiyo. Akipata aina kali huchukua kati ya siku 4 na 19 kabla ya kuonyesha dalili, kisha hufa ndani ya siku chache, na banda zima linaweza kwisha. Hauna tiba, na chanjo huku kwetu hatukuwa nayo. Binadamu haambukizwi. Sentensi hiyo ya mwisho ni ya kweli kabisa, na utaona jinsi ilivyotuumiza.

## Banda la kwanza: siku ya 1 hadi ya 3

Mama Upendo alinipigia saa moja asubuhi. "Shikamoo mama," nikamsalimu. "Marahaba mwanangu. Nguruwe wangu mkubwa amegoma kula, na huyu hajawahi kugoma hata siku moja."

Nilimkuta jike amelala ubavu, ngozi ya tumboni imeiva wekundu. Kipimajoto kilisoma nyuzi 41.3, wakati nguruwe mzima yuko kwenye 39 na ushee. Nilifikiria erisipela, ugonjwa wa bakteria unaotoa mabaka mekundu na unaopona kwa penisilini, kwa sababu ndio niliokuwa nimeuona mara nyingi msimu ule. Nilichoma sindano, nikaacha maelekezo, nikaondoka.

Sindano nilibadilisha. Gambuti sikubadilisha wala sikuziosha. Mchana huohuo niliingia nazo kwenye mabanda mawili ya Sokoni, kuhasi vitoto vya nguruwe. Nakumbuka jioni nikikwangua kinyesi kilichokauka kwenye mifereji ya soli kwa kijiti, mlangoni kwangu, bila kuwaza lolote.

Siku ya 3 yule jike alikuwa amekufa. Wawili wengine walikuwa wamerundikana pembeni wakitetemeka, masikio yamegeuka zambarau hadi kwenye ncha, mmoja akitoka damu puani. Nilipotaka kumpasua aliyekufa, Mama Upendo alitandika turubai nyuma ya banda mwenyewe, akashika mguu mmoja. Bandama ilikuwa imevimba mara tatu ya kawaida, nyeusi, ukiigusa inasambaratika kama ini lililooza. Tezi zilikuwa kama madonge ya damu. Figo zilikuwa na vidoa vyekundu vidogo vidogo, kana kwamba mtu amezinyunyizia pilipili ya unga. Mama Upendo aliangalia uso wangu, hakuangalia figo.

"Ni ile?" aliuliza.

Nilimwambia nashuku ni ile. Nilimpigia daktari wa mifugo wa wilaya palepale, mikono bado na glavu, na usiku nikaandika taarifa. Taarifa ilikuwa sahihi na ya haraka. Kilichokosekana ni hatua ya kufuatana nayo.

## Sampuli ndani ya basi: siku ya 4 hadi ya 10

Alfajiri ya siku ya 4 nilifunga vichupa vya damu na kipande cha bandama kwenye kiboksi cha barafu, nikakikabidhi kwa kondakta wa basi. Majibu yalifika siku ya 10, na kwa umbali ule na vifaa vile, siwezi kuwalaumu wa maabara.

Siku hizo sita ndizo kisa chenyewe. Rasimu ya tangazo la karantini ilikuwa tayari wilayani tangu siku ya 4, mezani, ikisubiri majibu. Mimi nilizunguka nikiwashauri watu wafungie nguruwe. Nasema *nikiwashauri*, maana sikuwa na karatasi, na mtu mwenye nguruwe wa kilo themanini na mnunuzi mlangoni ushauri wangu ungemsaidia nini?

Jirani wa Mama Upendo, nimwite Baba Shida, aliona mzoga ukiburutwa siku ya 3. Usiku ule alimpigia mnunuzi. Walikuja na bodaboda mbili, wakachukua nguruwe wanne, wote wakila vizuri, kwa bei ya chini kidogo ya kawaida. Wawili walichinjwa mbele ya safari. Wawili waliuzwa wazima kwa mfugaji wa Shuleni aliyefurahi kupata kwa rahisi. Dume wa Sokoni, ambaye wiki iliyopita alilala bandani kwa Mama Upendo, siku ya 5 alitembezwa kwenda Barabarani ya juu. Mwenye dume hakuwa anaficha chochote. Hakuna aliyemwambia.

Ng'ambo mambo yalikwenda tofauti. Mwenyekiti wa kijiji kile, mzee aliyewahi kupoteza mabanda mawili miaka ya nyuma, alisikia habari siku ya 4 kwenye msiba. Hakungoja wilaya wala mimi. Jioni ile alimtuma mgambo apite na filimbi kila kitongoji akitangaza mambo matatu: nguruwe wote ndani, dume asivuke mto, makombo ya barabarani yasivuke mto. Aliyeuliza barua iko wapi aliambiwa, "Barua ni mimi."

## Karantini na soko la usiku

Siku ya 10 majibu yalithibitisha. Tangazo lilibandikwa ofisi za vijiji vyote na kusomwa makanisani. Lilikataza nguruwe kuingia wala kutoka katani, kuchinja, kuuza nyama, na kuwaachia nguruwe wakizurura. Kizuizi kiliwekwa kwenye njia mbili kubwa. Kufikia hapo vijiji vitatu vilikuwa na vifo.

Ndani ya siku mbili kuchinja kulihamia usiku. Siku ya 12 mgambo walimsimamisha kijana mwenye bodaboda aliyebeba beseni lililofunikwa kwa kabichi. Chini ya kabichi kulikuwa na kilo zaidi ya thelathini za nyama. Hakuwa mhalifu wa filamu. Baba yake alikuwa na nguruwe sita wazima, ada ya sekondari inadaiwa, na hakika kwamba wangekufa.

Mashimo nayo yalitushinda mwanzoni. Tulizika mizoga kwenye kina cha mita moja na nusu, mbwa wakafukua. Shimo moja la Sokoni lilifukuliwa kwa jembe, na alama za jembe hazifanani na za mbwa.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutowaadhibu waliouza kati ya siku ya 3 na ya 10. Mtendaji wa kata alitaka mfano utolewe kwa Baba Shida. Nilipinga, daktari wa wilaya akaniunga mkono, kwa sababu mbili. Siku ile hakukuwa na amri yoyote iliyotolewa kijijini, na sisi ndio tuliochelewa. Na tulimhitaji atuambie nguruwe walikwenda wapi. Aliongea kwa saa nzima, akatuonyesha namba ya simu ya mnunuzi, na kutoka hapo tukawapata wale wawili wa Shuleni na mabanda mengine matatu tusiyoyajua. Adhabu isingetupa habari hiyo.

Wa pili ulihusu machinjo, na ndio uliobishaniwa zaidi. Katazo la jumla halikuzuia kuchinja. Liliondoa tu macho yetu. Siku ya 15 daktari wa wilaya alitoa kibali cha maandishi kwa sehemu moja ya kuchinjia katika kijiji cha Sokoni, masharti yakiwa makali: nguruwe atoke banda lisilo na kifo wala mgonjwa, apimwe joto asubuhi na kukataliwa akizidi nyuzi 40, nyama ichemshwe palepale, iliwe ndani ya kata, na mifupa, ngozi na damu vitumbukizwe shimoni mbele ya macho yangu. Tulijua hatari yake. Nguruwe anaweza kuwa na kirusi siku moja au mbili kabla homa haijapanda, na kipimajoto hakioni hilo. Tulipima hatari hiyo dhidi ya beseni la kabichi linaloingia mjini usiku, tukachagua.

Wa tatu ni mizoga na usafi. Shimo liliongezwa hadi mita mbili, mzoga ukamwagiwa oili chafu ili usitamanike, udongo ukashindiliwa na juu kukawekwa miiba. Kwa kuua kirusi bandani tulitumia kostiki soda, gramu 8 kwa lita ya maji, kwa nusu saa. Kina mama wanaotengeneza sabuni walikuwa nayo na walijua kuishika na glavu kuliko sisi. Lakini kabla ya dawa ni jembe na ufagio: kinyesi kikibaki, dawa inaua uso wa kinyesi tu.

## Matokeo

Kifo cha mwisho kilikuwa siku ya 38. Karantini iliondolewa siku 40 baada ya banda la mwisho kusafishwa. Katika vijiji vitatu vya barabarani, zaidi ya nusu ya nguruwe waliokuwepo walikufa au waliuzwa kwa hasara. Ng'ambo walipoteza banda moja tu, la kijana aliyekuwa ametoka na ndoo ya makombo siku moja kabla ya filimbi.

Mama Upendo alipoteza nguruwe wote tisa. Baba Shida alipoteza wawili waliobaki, lakini wanne alikuwa ameshawageuza fedha. Hakuna aliyelipwa fidia.

Chanzo tunakishuku, hatukukithibitisha: makombo ya barabarani, kwani banda la Mama Upendo ndilo lililokuwa likichukua ndoo mbili kila siku kutoka sehemu inayochinja nguruwe wanaoletwa na malori. Njia hiyo si ngeni. Mwaka 1957 ugonjwa huu ulitoka Afrika ukaingia Lisbon, na lawama zikawekwa kwenye mabaki ya chakula cha abiria wa ndege waliyolishwa nguruwe karibu na uwanja wa ndege. Mwaka 2007 ulitokea Georgia, ikiaminika ni takataka za meli bandarini Poti. Ukapita Urusi na Ulaya ya Mashariki, ukafika China mwaka 2018. Aina ile ya kirusi ni ya ukanda wetu huu wa mashariki na kusini mwa Afrika. Niliwasimulia wauza kitimoto habari hizi wakiwa wamekaa kwenye makreti ya soda. Mmoja aliuliza kama ndoo yake inaweza kufika mbali hivyo. Nilimwambia ndoo haihitaji kufika mbali, inahitaji kufika bandani mara moja ikiwa haijachemshwa.

## Uchambuzi

Lililofeli kuliko yote ni usomaji wetu wa sheria. Tuliisoma kana kwamba nguvu zake zinaanzia kwenye majibu ya maabara. Hazianzii hapo. Mfugaji anadaiwa taarifa *akishuku*, na mkaguzi anaruhusiwa kuzuia wanyama wanaoshukiwa. Bandama ile nyeusi siku ya 3 ilitosha kabisa kwa amri ndogo ya banda moja na majirani zake: wanyama wasisogezwe, dume asiingie, hadi majibu. Amri ndogo ya siku ya 3 ingekuwa na thamani kuliko tangazo kubwa la siku ya 10, lenye mihuri yote. Tuliogopa kusema jambo likaja kuwa si kweli. Mwenyekiti wa Ng'ambo hakuogopa hilo. Hakuwa na elimu ya mifugo wala madaraka kisheria ya kufunga mto, lakini alielewa kuwa kufungia nguruwe siku sita bure ni hasara ndogo, na kutowafungia ni hasara ya mwaka.

La pili, bei ya ukweli. Siku ya 3 Mama Upendo na Baba Shida walikuwa na habari ileile. Mmoja alifanya alichotaka sheria, mwingine alifanya alichotaka mfuko, na kijiji kizima kilishuhudia nani alibaki na kitu. Unaweza kuhubiri wajibu wa kutoa taarifa miaka kumi. Mfano ule mmoja unafuta mahubiri yote. Sisemi sheria ni mbaya. Nasema imemtwisha aliye wa kwanza kuona ugonjwa mzigo kwa niaba ya kata nzima, wakati waliookolewa na simu yake hawakutoa hata kibaba cha pumba. Ng'ambo waliliona hili kabla yetu. Huko kuna kikundi cha kopa nguruwe lipa nguruwe, ambapo anayepewa jike hurudisha vitoto kwa wenzake. Katika mkutano wa kuondoa karantini walisema nguruwe wao ni wazima kwa sababu mama mmoja ng'ambo ya pili alipiga simu, na wakampa mtamba mmoja, yaani jike ambaye hajazaa. Hakuingizwa bandani mara moja. Tuliweka kwanza vitoto viwili vya majaribio kwa wiki sita, nikavipima joto, na vilipovuka salama ndipo mtamba akavushwa mto. Kikundi kiliandika kwenye daftari lake kuwa anayetoa taarifa wa kwanza, ugonjwa ukithibitika, ndiye anayepewa wa kwanza. Kama wizara au halmashauri ingeweka jambo kama hili kwenye taratibu zake, hata kwa kiwango hichohicho cha mtamba mmoja, naamini simu zingekuja mapema zaidi.

La tatu ni ujumbe wetu. Watu walichanganya homa ya nguruwe na mafua ya nguruwe, wakaogopa kufa. Tukatangaza kwa nguvu: haumdhuru binadamu! Hofu ikaisha, na nyama ikaanza kusafiri. Kwa msikilizaji, kitu kisichomdhuru mlaji ni kitu halali kuuzwa. Kirusi hiki hukaa wiki hadi miezi kwenye nyama mbichi iliyopoa, na miaka kwenye iliyogandishwa. Mlaji anabaki salama, mfupa anaoutupa unaua. Tulibadilisha maneno baada ya wiki ya pili. Mchungaji mmoja ndiye aliyeyapata mazuri kuliko yangu: "Wewe utakula na utalala. Nguruwe wa jirani yako atakula ulichobakiza, na hataamka." Kuanzia hapo nikaanza kuona mifupa ikichomwa jikoni.

Kuhusu machinjo ya kibali, wenzangu wawili wa wilaya jirani bado wanaona tulikosea, na hoja yao ina uzito: kila nguruwe anayechinjwa ndani ya eneo lenye ugonjwa ni kamari. Ninachoweza kusema ni kilichoonekana. Baada ya siku ya 15 hatukukamata tena nyama njiani, na kati ya nguruwe walioletwa kuchinjwa, saba walikataliwa kwa joto, na watano kati yao walikufa ndani ya wiki. Hao saba wangekuwa kwenye beseni. Nisingependekeza njia hii pale ambapo hakuna mtu wa kusimama shimoni kila asubuhi. Mimi nilisimama siku ishirini na tatu mfululizo, na kata yenye afisa mmoja anayehudumia na kata jirani haiwezi.

Gambuti zangu. Mabanda yale mawili ya Sokoni niliyohasi siku ya 1 yalipata ugonjwa siku ya 8 na ya 9. Dume naye alikuwa amepita moja kati ya hayo, kwa hiyo hakuna awezaye kuapa ni nani aliyeupeleka. Banda la pili dume hakufika. Niliwaambia wenye mabanda hayo ukweli huu uso kwa uso, kabla sijauandika popote. Mmoja hajanisalimia tangu siku ile, na ana haki. Sasa nina ndoo, brashi na dawa nyuma ya pikipiki, na mfugaji ninayemtembelea ndiye ninayemwomba anishikie brashi, ili aone na amdai afisa mwingine yeyote atakayekuja.

Tangu kisa hiki, daktari wa wilaya ametuandalia fomu ya nusu ukurasa kwa ajili ya banda linaloshukiwa. Ninajaza jina la kitongoji, tarehe na saa, ninampigia simu, akiridhia inabandikwa kabla sampuli haijapanda basi. Nimeitumia mara mbili. Mara zote mbili majibu yalirudi hakuna homa ya nguruwe. Wa kwanza alishukuru. Wa pili alikuwa na mnunuzi aliyekwisha kulipa kishika uchumba, na siku tano za kufungiwa zikamfanya arudishe fedha. Alinifokea mbele ya watoto wake, nami sikuwa na la kumpa zaidi ya barua ya kulifungua banda, niliyompelekea mkononi saa ileile majibu yalipofika, na kazi ya kumtafutia mnunuzi mwingine. Nilimpata Alhamisi iliyofuata, kwa bei pungufu kidogo.